Maji, Ukoko na Usalama wa Garimoshi la Mvuke

Kati ya mji mdogo wa Chama, katika jimbo la New Mexico, na mji wa Antonito, katika jimbo la Colorado, nchini Marekani, ipo reli nyembamba yenye urefu wa kilometa 103. Ilijengwa mwaka 1880 kwa ajili ya migodi ya milimani. Biashara hiyo ilipofifia, majimbo hayo mawili yaliinunua mwaka 1970, na tangu hapo hutumika kuwabeba watalii kupitia kipito cha Cumbres, kilicho meta 3,053 juu ya usawa wa bahari. Injini zake kubwa ziliundwa na kiwanda cha Baldwin mwaka 1925. Kiwanda hicho kiliacha kuunda magarimoshi mwaka 1956. Hivyo kipuri kikivunjika, mafundi hulazimika kukichonga wenyewe au kuagiza kisubiwe upya.

Hata hivyo, gurudumu bovu huzuia safari tu, lakini boila mbovu huweza kuua.

Dari ya chumba cha moto

Katika injini hizo mvuke hufikia kanieneo ya ratili 195 kwa inchi ya mraba, yaani takriban mara 13 ya kanieneo ya hewa ya pwani. Katika hali hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 197 hivi za Selsiasi. Dari ya chumba cha moto ni bamba la chuma: moto huliunguza kwa chini, na maji hulipoza kwa juu. Maji yakipungua hata bamba likawa wazi, chuma hulainika na kupasuka. Papo hapo sehemu ya maji hugeuka mvuke, na kila lita igeukayo hutanuka zaidi ya mara 1,600.

Mlima huongeza hatari hiyo. Kutoka Chama hadi Cumbres reli hupanda meta 4 kwa kila meta 100. Kwa kuwa uso wa maji hubaki mlalo hata boila ikiinama, kina cha maji hutofautiana kwa sentimeta 20 katika kila meta 5 za urefu wa boila. Injini ikipanda, maji hujaa nyuma, kwenye chumba cha moto; ikivuka kilele, hukimbilia mbele. Mtia makaa hana budi kuongeza maji mapema.

Adui aliyemo majini

Maji ya mito na visima huwa na chumvi za kalsiamu na magnesiamu. Mvuke hutoka, chumvi hubaki na kuganda kama ukoko. Ukoko hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo chuma kilichofunikwa nao hupata joto kupita kiasi. Tena huziba mabomba membamba ya vipimo vya maji. Tarehe 16 Juni 1995, katika reli nyingine ya watalii huko Pennsylvania, dari ya chumba cha moto ilipasuka kwa upungufu wa maji, na watu watatu wakaungua. Wachunguzi walikuta ukoko katika mabomba ya vipimo.

Namna ya kuilinda boila

Kanuni za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 2000 zataka boila ioshwe angalau kila baada ya siku 31 za kazi. Baada ya siku 1,472 za kazi, au miaka 15, lolote litakalotangulia, mabomba yake hutolewa na unene wa chuma hupimwa. Kisha boila hujazwa maji na kushindiliwa kwa kanieneo iliyozidi ile ya kazi kwa asilimia 25. Maji hutumiwa kwa sababu hayashindiliki kwa urahisi: chuma kikipasuka, hayalipuki kama mvuke.

Skurubu fupi zinazoshikilia kuta za chumba cha moto hutobolewa tundu jembamba katikati. Skurubu ikikatika, maji huvuja tunduni, na fundi hutambua.

Jaribio la darasani

Mwalimu aweza kuchemsha lita moja ya maji ya kisima hadi yakauke, kisha wanafunzi wapime mabaki. Tangi la injini hizo huchukua lita 19,000 hivi. Ikiwa kila lita itaacha gramu 0.2, tangi moja litaacha kilo 3.8 ndani ya boila. Wanafunzi wakokotoe kiasi cha siku 31, wakidhani tangi moja hutumika kila siku. Jibu litawaeleza kwa nini boila haiwezi kusubiri kuoshwa.