Mgonjwa Akisema Alhamdulillahi, Muulize Tena

Siku aliyoruhusiwa kutoka hospitali hapa Maskati, dada yangu mkubwa aliletewa kompyuta ndogo ya mkononi ajibu maswali. Je, umeridhika? Umeelezwa dawa zako? Kila swali akabonyeza uso unaocheka. "Alhamdulillahi, wamenitazama vizuri."

Siku ya tatu akaanguka chooni. Tulipomwaga dawa zake mezani ndipo tukafahamu: alikuwa akimeza dawa mbili za presha, ya zamani na mpya. Pakiti mbalimbali, dawa ile ile moja. Hakuna aliyemwambia aache ya zamani, na yeye hakuuliza.

"Sasa dada, mbona ulijibu kuwa umeelezwa?"

"Yule mtoto wa watu kanisimamia na chombo chake, ananichekea. Nimvunje uso?"

Nimesomesha miaka mingi, na jibu hili nalijua. Ukiuliza darasa, "Mmefahamu?" wote huitika, "Ndiyo, mwalimu!" Ukweli utauona kwenye mtihani.

Ndugu zetu walioko Uingereza wao kinyume. Ukiwapigia simu, nusu saa ni malalamiko: foleni ya daktari, foleni ya upasuaji. Na hawako peke yao. Utafiti wa maoni ya wananchi unaofanywa huko tangu 1983 ulionyesha mwaka 2010 watu 70 katika kila 100 wameridhika na NHS. Mwaka 2024 wakabaki 21, idadi ndogo kuliko zote. Lakini ukiwauliza kama matibabu yaendelee kuwa bure, kama yalivyoanza tarehe 5 Julai 1948, walio wengi wanasema ndiyo, tena kwa nguvu. Wanalalamika kwa sababu wanaiona hospitali ni mali yao.

Wazee wetu wa hapa Omani hospitali wanaiona ni hisani. Wanaokumbuka siku za kabla ya 1970, hospitali za nchi nzima zikihesabika kwa vidole, watalalamikia nini leo? Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka Omani ya 8 kati ya nchi 191 kwa mfumo wa afya. Uingereza ilikuwa ya 18 na Marekani ya 37. Hiyo ni sifa kubwa, wallahi. Lakini hesabu ile haikutokana na kumuuliza mgonjwa kitandani.

Basi tusiseme wa Maskati wanatibiwa vizuri kwa kuwa wanashukuru, na wa London vibaya kwa kuwa wananung'unika. Kila mtu hupima kwa pishi yake.

Wamarekani, pamoja na gharama zao za kutisha, jambo moja wamelipatia. Dodoso lao la HCAHPS, ambalo matokeo yake hutangazwa hospitali kwa hospitali tangu 2008, humfika mgonjwa akishatoka. Nalo halimuulizi tu kama ameridhika. Linamuuliza yaliyotokea, na mara ngapi: kabla ya kupewa dawa mpya, walikwambia ni ya nini? Kila wakati, mara nyingi, baadhi ya nyakati, au hata mara moja? Swali kama hilo halimvunji mtu uso, maana humtaki ahukumu. Unataka asimulie tu.

Na sisi nyumbani tuulize hivyo hivyo. Usimuulize mama, "Wamekutibu vizuri?" Muulize: dawa ipi wamekwambia uache? Ipi uanze, na ya nini? Ukizidiwa usiku, umpigie nani? Akibabaika, rudini mkaulize kabla hamjapanda gari. Na siku ya miadi, beba mfuko mzima wa dawa, mpya na kuukuu.

Dada yangu hajambo sasa. Wiki iliyopita nimempeleka tena, na ile kompyuta ikaletwa. Akanitupia jicho, kisha akamgeukia nesi.

"Mwanangu, wewe mwema sana. Lakini kabla sijabonyeza, hebu nambie tena, hii nyekundu ni ya nini?"