Troll: Zimwi, Jini au Popobawa?

Filamu ya Norwei iitwayo Trolljegeren (2010), ya André Øvredal, huchekesha na kutisha kwa pamoja: mwindaji wa serikali huua troll, viumbe wakubwa wa ngano za huko, kisha hujaza fomu. Mfasiri atakayetaka ieleweke Matemwe atakwama kwenye jina la viumbe hao.

Akilitohoa kuwa "troli", msikilizaji atafikiria toroli la kubebea mawe. "Jini" halifai, kuwako kwa majini ni sehemu ya imani ya Kiislamu, si jambo la kuchekewa. "Popobawa" ndilo la hatari. Mwaka 1995 hofu yake ilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje kwa makundi, na wengine wakapigwa kwa kushukiwa tu. Jina la namna hiyo haliazimwi kwa mzaha.

Limebaki "zimwi". Zimwi la ngano zetu hunusa watu, huwala, na ni jinga hata hudanganywa na mtoto. La Norwei hunusa damu ya Mkristo, na mwanga wa jua huligeuza jiwe. Hayo filamu yenyewe huyaeleza. "Jitu" hutaja ukubwa tu.

Upatanisho nao ubaki wa li-/ya-, kama methali isemavyo "zimwi likujualo", wala si "zimwi akujuaye".