Kutoka Lukiko hadi Halmashauri: Maneno na Mamlaka ya Kutunga Sheria Bukoba na Muleba

Mkoa wa Kagera hauna bunge lake. Katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, sheria kuu hutungwa na Bunge na, kwa mambo ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na Baraza la Wawakilishi lililoanza mwaka 1980. Mkoa wa Tanzania Bara ni ngazi ya utawala; Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kama jina lake linavyobainisha, hushauri tu. Mamlaka ya kutunga sheria ndogo yako chini yake, katika halmashauri. Historia ya mamlaka hayo imehifadhiwa katika istilahi zenyewe.

Kabla ya ukoloni Buhaya haikuwa dola moja. Kiziba, Kyamutwara, Kianja, Ihangiro na nyinginezo zilikuwa na wakama wao. Baada ya sheria ya mwaka 1926 kuhusu mamlaka za wenyeji, Waingereza waliwatawala watu kwa kupitia wakama hao, wakawakutanisha katika baraza moja mjini Bukoba. Francis Lwamugira alikuwa katibu wake. Neno lukiko, lenye udugu na lukiiko ya Buganda, lilitaja kikao cha mtawala na watu wake wa karibu. Wajumbe waliingia kwa nasaba au kwa uteuzi. Mkulima hakuwa na mjumbe aliyemchagua.

Upungufu huo ulidhihirika mwaka 1937. Kanuni za kilimo cha kahawa zilipotakiwa zitekelezwe kupitia wakama, wakulima wengi walizipinga na ghasia zikazuka. Ubishi ulihusu kahawa, lakini pia ulihusu swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kumwamrisha mtu shambani mwake?

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua njia ya halmashauri zenye wajumbe wa kuchaguliwa, na mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa. Hata hivyo, safari haikunyooka. Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zilivunjwa kwa jina la madaraka mikoani. Zikarejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984.

Istilahi za leo zina mgeuko wa maana unaostahili kuzingatiwa. Baraza ni kibao cha mbele ya nyumba, mahali pa kuketi na kuzungumza, kisha likawa kikao chenyewe. Halmashauri limebeba ndani yake shauri, neno lenye asili ya Kiarabu. Diwani lilikuwa cheo cha wakubwa wa miji ya Mrima. Sasa ni mwakilishi anayepigiwa kura na wakazi wa kata. Neno la enzi limegeuka kuwa neno la uwakilishi.

Katika Manispaa ya Bukoba, na katika halmashauri za wilaya za Bukoba na Muleba, baraza lina madiwani wa kata, madiwani wanawake wa viti maalumu na wabunge wanaohusika. Madiwani humchagua mwenyekiti, au meya katika manispaa, miongoni mwao. Mkurugenzi ni katibu. Sheria ndogo hupitishwa na baraza, lakini huhitaji idhini ya waziri. Vijiji navyo hutunga za kwao, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya.

Hapa ndipo lugha inapokuwa suala la haki. Mnyauko wa migomba ulipothibitika Kagera mwaka 2006, kung'oa migomba iliyougua kulikuwa njia mojawapo ya kuudhibiti. Amri ya namna hiyo humgusa mkulima penye chakula chake. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria nchini. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini katika mkutano wa kijiji huko Muleba, mzee anayefikiri kwa Kihaya bado anahitaji kufafanuliwa tofauti ya shauri, agizo na sheria. Asipofafanuliwa, halmashauri itakuwa mbele yake lukiko iliyobadilishwa jina.