Boda au kanta? Somo la Garsen kuhusu kasi ya simu yako

Ukiwa Garsen na ndoo moja ya maembe ya kupeleka steji, boda itakufikisha kabla kanta haijawashwa. Lakini ukiwa na magunia arobaini, boda itazunguka hadi usiku.

Hesabu kama hiyo inaendelea ndani ya simu yako. Ukifungua picha au kutazama video, data hunakiliwa kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine. Kazi hiyo hufanywa na kipande kidogo cha msimbo kiitwacho memcpy. Kipo kwenye programu za kawaida, na kipo pia ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo unaoendesha simu. Android hutumia kerneli ya Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka wa 1991.

Kampuni ya Arm, ambayo usanifu wake wa prosesa umo kwenye simu nyingi, huandika memcpy yake na kuiweka wazi kwa wote. Mwaka wa 2021, kerneli ya Linux iliichukua. Lakini si kila toleo linaifaa.

Prosesa ina rejista pana zinazobeba data nyingi kwa mkupuo. Hiyo ndiyo kanta. Shida ni kwamba kerneli huikuta tayari imepakiwa mzigo wa programu yako. Lazima iushushe, ibebe wake, kisha iurudishe kama ulivyokuwa. Kwa ndoo moja, hiyo ni hasara tupu. Ndiyo maana kerneli ilichukua toleo lisilogusa rejista hizo.

Sasa utajuaje ipi ni kali? Pima mwenyewe. Huhitaji laptopu: Termux, programu ya bure ya Android, inakuwezesha kuandika na kuendesha msimbo wa C kwenye simu.

Ila jichunge. Ukinakili kilobaiti moja mara milioni, data hubaki kwenye kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa, na namba itakuwa tamu kupita kiasi. Jaribu pia megabaiti 100. Halafu kuna jua la saa saba: simu ikipata moto hupunguza kasi yenyewe. Kaa kivulini, rudia mara nyingi, uchukue namba ya katikati.

Na kasi si kila kitu. Mwaka wa 2010, maktaba ya glibc ilibadilisha memcpy ili iende mbio zaidi, na sauti ya Adobe Flash ikaanza kukwaruza kwenye kompyuta zenye Fedora. Flash ndiyo iliyovunja kanuni za kuitumia, lakini aliyeumia ni mtu aliyekuwa akitazama video yake tu.

Msimbo huu uko wazi kwako pia. Ukipima kwa simu ya bei ya chini, kwenye joto la Tana River, unapata namba ambazo mwenye mashine mpya kwenye ofisi ya kiyoyozi hana. Andika tu ulipima nini, kwa simu gani, mara ngapi. Bila hayo, ni kama kusema boda ni haraka kabla hujauliza kuna magunia mangapi.