Mkebe Nao Uokoke

Ushirika wetu wa Mamboleo hukutana Alhamisi jioni, biashara za barabara ya Kakamega zikishaanza kulegea. Hakuna spika wala mhubiri mgeni. Mtu husimama, husema "Bwana asifiwe," kisha hutaja kilichomshinda wiki hiyo.

Desturi hii tuliirithi kutoka Uamsho wa Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda, walikutana Namirembe wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, na kufikia 1938 ulikuwa Maseno, hapa karibu. Walioguswa walitubu hadharani, wakarudisha vya wizi, wakaimba kwa Kiganda hata wasiokijua.

Jioni moja alisimama mama muuza omena. Kitako cha gorogoro yake, mkebe wa kupimia, kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani; mteja hulipia mkebe mzima, akabeba pungufu. "Mimi nimeokoka," akasema, "lakini mkebe wangu bado." Tukacheka. Mzee wetu hakucheka. Akauliza, "Kesho utapimia upi?"

Kesho yake alipimia mpya, akawaambia wateja sababu. Wengine walimsifu; mmoja alidai omena zake za mwaka mzima, na akaongezewa.

Msidhani mama huyo alikuwa akinunua wokovu kwa omena. Katika Warumi sura ya 6, Paulo anafundisha kwamba aliye chini ya neema hatawaliwi tena na dhambi. Deni lilikwisha kulipwa msalabani, ndiyo maana mtu anathubutu kutaja uovu wake mbele ya majirani. Anayetegemea jitihada zake atauficha, maana akiutaja atabaki na nini?

Uamsho haukuponya kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ugomvi kati ya waumini wa Kianglikana hapa Nyanza ulimtoa kasisi Matthew Ajuoga na wenzake, wakaunda Kanisa la Kristo katika Afrika. Wafuasi wake tunawaita Johera, watu wa upendo. Ndugu waliookoka walishindwa kukaa meza moja.

Linalonikera mimi ni shuhuda zilizochakaa. Pombe ya 1985 husimuliwa kila Alhamisi, mkopo wa chama uliokataliwa kulipwa jana hautajwi. Ukialikwa kwenye ushirika, nenda; na ukipewa nafasi ya kusema, anza na ya wiki hii.