Kupiga Picha ya Mtu kwa Nuru ya Mchana

Mtu apigwaye picha hutaka aonekane kama alivyo katika siku yake njema. Hayo si majivuno. Katika nyumba nyingi imesalia picha moja tu ya babu au bibi aliyekwisha kufariki, na wajukuu ambao hawakumwona kwa macho humjua kwa karatasi ile. Ikiwa uso umetoka kama doa jeusi lenye meno, au macho yamefichwa na kivuli, basi ndivyo atakavyojulikana siku zote. Kwa hiyo yampasa mpiga picha kuijua kazi yake, na jambo la kwanza la kujua si kamera, bali ni nuru.

Wengi hudhani ya kuwa nuru ikizidi ukali, picha nayo itazidi uzuri. Ndiyo maana humsimamisha mtu uwanjani saa sita ya mchana, wakamwambia atazame mbele bila kupepesa. Tazama yanayompata maskini huyo! Jua li juu ya utosi wake. Paji la uso na pua vyang'aa, matundu ya macho yajaa giza, na chini ya pua hutokea kivuli kama masharubu, hata kwa mtoto wa kike. Tena hukunja uso kwa ukali wa jua, akaonekana mwenye hasira, au mzee kuliko miaka yake.

Ukitaka kufahamu sababu yake, twaa chungu cheusi kilichosuguliwa kikang'aa, ukiweke juani. Utaona nukta moja ndogo inayometameta, na sehemu iliyobaki ni nyeusi tupu. Na kivuli chake mchangani kina ukingo mkali kama uliokatwa kwa kisu. Kisha kichukue chungu kile kile, ukiweke ndani ya nyumba karibu na mlango ulio wazi. Sasa utaona mng'ao mrefu wenye umbo la mlango ukishuka ubavuni mwake, nao wafifia polepole mpaka ukaingia gizani. Uviringo wa chungu waonekana wote. Chungu hakikubadilika, kilichobadilika ni nuru. Maana jua, ingawa ni kubwa mno, li mbali nasi, na machoni petu ni dogo kama senti. Nuru yake hutoka upande mmoja tu. Bali mlango ulio karibu ni mpana, na nuru yake hutoka juu, chini na kati, ikakizunguka kitu na kulainisha vivuli vyake.

Uso wa mtu ni kama chungu kile, na hasa uso mweusi. Ngozi nyeusi hurudisha nuru kidogo kuliko ngozi nyeupe, na umbo lake hutambulikana zaidi kwa ule mng'ao upitao juu ya shavu, pua na kidevu. Mng'ao ukiwa mpana na laini, uso hupendeza. Wako watu wasemao kwamba nyuso nyeusi hazitoki vema katika picha. Hao wamemweka mtu mahali pasipofaa, kisha wakailaumu ngozi yake.

Basi mketishe mtu barazani, au hatua moja ndani ya mlango, mahali ambapo jua lenyewe halimgusi lakini anga laonekana mbele yake. Umwambie ageuze uso polepole kuelekea nje, nawe utazame macho yake. Hapo utakapoona nukta ndogo ya nuru katika mboni zote mbili, mwambie atulie. Macho yasiyo na nukta ile huonekana kama ya mtu aliyechoka. Ikiwa shavu la upande wa ndani lina giza mno, mwenzako na ashike shuka nyeupe upande ule, nje ya picha, nayo itarudisha nuru usoni. Kamera na iwe sawasawa na macho ya mtu, wala usimkaribie mno, kwa kuwa kitu kilicho karibu na kamera huonekana kikubwa, na pua ndiyo iliyo mbele. Rudi nyuma hatua mbili.

Je, mlango uelekee wapi? Huko Ulaya wachoraji na wapiga picha wa zamani walipenda madirisha ya kaskazini, kwa sababu katika nchi zile jua la mchana hupita upande wa kusini, na dirisha la kaskazini hupata nuru tulivu. Kanuni hiyo haifai kwetu tulio karibu na Ikweta. Hapa mwezi wa Juni jua hupita kaskazini, na mwezi wa Desemba hupita kusini. Yafaa kutazama kivuli cha nyumba yenyewe, wala si kufuata kitabu. Chini ya mwembe napo wengi hupapenda, lakini majani hupitisha matone ya jua yakamtia mtu madoadoa kama chui. Na katika picha za rangi uso huweza kuwa na ukijani.

Mtu aliyeijua sana nuru ya mchana ni Seydou Keïta wa mji wa Bamako, katika nchi iitwayo sasa Mali. Mwaka 1935, alipokuwa angali kijana, mjomba wake alimpa kamera ndogo, na mwaka 1948 akafungua mahali pake pa kazi. Hakuwa na jumba la vioo. Alipiga picha nyingi uani kwa nuru ya mchana, na nyuma ya watu akatundika kitambaa, hata shuka ya kitanda chake. Filamu ilikuwa ghali, naye kwa kawaida alimpiga mtu mara moja tu. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: kuugeuza mwili upande kidogo, kuinua kidevu, kuipanga mikono. Watu walikuja na nguo zao nzuri, na asiyekuwa na saa ya mkononi aliweza kuiazima kwake. Picha hizo zilionyeshwa Paris mwaka 1994, na watu wa mbali wakastaajabia nyuso zile. Keïta alifariki mwaka 2001.

Kamera za siku hizi, pamoja na zile za simu, hujipimia nuru zenyewe, na hapo pana mtego. Kamera isiyotambua nyuso haijui kama imeelekezwa kwenye uso au kwenye ukuta. Hukadiria tu ya kuwa vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vina rangi ya kijivu. Wanafunzi wenye mashati meupe wakisimama mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona weupe umezidi, ikapunguza nuru; mashati yakawa ya kijivu na nyuso zikaingia gizani. Dawa yake ni kuondoka penye ukuta mweupe. Katika simu nyingi waweza pia kuugusa uso juu ya kioo, ili nuru ipimwe pale. Picha za rangi nazo zilikuwa na shida yake. Tangu miaka ya 1950 waliosafisha picha walipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilitolewa katika miaka ya 1990 tu.

Kwa picha ya darasa zima, ngojeni saa kumi alasiri, kivuli cha jengo kinapofika uwanjani. Pangeni safu ndani ya kivuli kile karibu na ukingo wake, wafupi mbele juu ya mkeka, wote wakitazama upande ulio wazi. Mchanga mweupe ulio mbele yao, ukipigwa na jua, hutupa nuru chini ya nyusi na kofia, mahali ambapo nuru ya anga haifiki. Kisha pigeni picha tatu au nne, kwani katika watoto arobaini hapakosi mmoja aliyefumba macho.