Mafindofindo ya Mtoto na Valvu za Moyo

Kila baada ya miezi michache kamati yetu ya msikiti hupokea barua ya namna moja: kijana, mara nyingi msichana, anahitaji upasuaji wa valvu ya moyo, na wazazi wameishiwa. Hutangaza baada ya Swala ya Ijumaa, tukachanga, tukaomba dua. Barua hizo husema kwamba maradhi yalimjia mwana ghafla. Tumekuja kufahamu kuwa si ghafla hata kidogo.

Maradhi hayo huanzia kooni, kwa mafindofindo yaletwayo na bakteria aitwaye streptokoka. Mwili wa mtoto, ukipambana naye, huweza kukosea ukavishambulia viungo vyake wenyewe. Magoti na vifundo huvimba na kuuma kwa zamu, homa hupanda, kisha yote hupoa, na mzazi humshukuru Mungu. Kumbe valvu za moyo zimebaki na jeraha. Kila shambulio jipya huongeza kovu, hata valvu ishindwe kufunguka au kufunga sawasawa. Kukosa pumzi na kuvimba miguu huja miaka mingi baadaye. Kwa wanawake wengi hudhihirika wakati wa ujauzito, moyo unapobebeshwa kazi ya ziada.

Je, jeraha likigunduliwa kabla ya dalili, laweza kuzuiwa lisikue? Swali hilo lilitafutiwa jibu kaskazini mwa Uganda, mjini Gulu. Watafiti waliwapima watoto na vijana 102,200 kwa mashine inayoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti. Kati yao, 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, waliothibitika kuwa na ugonjwa uliojificha, waligawanywa kwa kura. Nusu yao walidungwa penisilini kila baada ya wiki 4 kwa miaka 2. Wengine walifuatiliwa bila sindano. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Kwa waliodungwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3 kati ya 399. Kwa wasiodungwa, 33 kati ya 400.

Tusitie chumvi: hata wasiodungwa, wengi wao hawakuzidiwa. Aidha, wapo wachache ambao penisilini huwadhuru, ndiyo maana hudungwa mbele ya mhudumu wa afya. Lakini watoto 33 dhidi ya 3 ni tofauti ambayo mchangishaji wa fedha za upasuaji hawezi kuipita hivi hivi.

Penisilini ni dawa kongwe, na bei yake si ya kutisha. Ugumu uko kwingine: sindano inauma, zahanati iko mbali, na mtoto haonekani mgonjwa. Ni kazi kumshawishi bibi kwamba mjukuu anayecheza mpira uwanjani anahitaji kudungwa, tena kila mwezi.

Siku hizi, barua ikija, tunauliza pia kama mtoto aliwahi kuanzishiwa sindano. Mama mmoja alituletea kadi ya binti yake, ambaye sasa anangoja upasuaji. Visanduku vitatu vilikuwa na tarehe, vilivyosalia vitupu. “Alikuwa anakimbia kama wenzake,” alituambia, “nikaona namtesa bure.”

Mdogo wake wa miaka 9 naye huugua koo mara kwa mara. Ameshapelekwa kupimwa.